Nina majina elfu nne ya wateja kwenye mfumo, mbona mauzo hayapandi?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Nina duka la pembejeo za kilimo na mifugo hapa Mwanjelwa, Mbeya, na tawi dogo Igurusi. Mwishoni mwa mwaka jana nilishawishiwa kununua programu ya kusimamia wateja, ile inayolipiwa kila mwezi kwa kila mtumiaji, na tuko watumiaji watano. Tulikusanya namba zote kutoka kwenye simu za wauzaji, madaftari na risiti, tukaingiza majina zaidi ya elfu nne. Tangu hapo ninawatumia wote ujumbe mfupi kila mwanzo wa mwezi na kila sikukuu, lakini wanaopiga simu baada ya ujumbe hawafiki hata kumi. Wauzaji hawaingizi taarifa mpaka niwagombeze, na mmoja ameniambia wazi kwamba ni kupoteza muda. Waliotuuzia wananishauri nipande kifurushi cha juu chenye akili mnemba, ambacho gharama yake ni karibu mara mbili ya hiki. Je, nipande, nihamie programu nyingine, au nirudi kwenye daftari langu? Daftari angalau lilikuwa halinidai."*

Ndugu yangu, wasiwasi wako una msingi, na hauko peke yako. Wenye maduka ya pembejeo, ya vifaa vya ujenzi na ya vipuri kuanzia Makambako mpaka Tunduma hununua programu za namna hii kwa matumaini makubwa, kisha baada ya miezi kadhaa hujikuta wakilipia kitu wasichojua kinawapa nini. Unachouliza hasa ni kama fedha unayolipa kila mwezi inarudi, na kama hairudi, lawama iende kwa programu au kwa utaratibu wa duka. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba usipande kifurushi, usihame kwa sasa, na daftari usilitupe. Kwa jinsi ulivyoieleza, programu uliyo nayo inatosha. Kinachokosekana ni kwamba kumbukumbu zilizomo hazimwambii muuzaji yeyote kesho asubuhi amtafute nani, wala kwa sababu gani.

Tuanze na hayo majina, kwa sababu hesabu yake inakudanganya. Namba zilizotoka kwenye simu za wauzaji zimehifadhiwa kila moja kwa mazoea ya mwenye simu. Mtu yule yule kwa muuzaji mmoja ni "Sanga viazi", kwa mwingine ni "Baba Upendo Isongole", na kwenye daftari lako ni "Mwl. Sanga" kwa sababu aliwahi kufundisha. Programu haiwezi kujua kwamba hao watatu ni mmoja isipokuwa kwa namba ya simu, na namba nayo ina vituko vyake. Ya kwanza imeandikwa kuanzia 07, ya pili kuanzia +255, na ya tatu imepitia kwenye Excel, ambayo huihesabu namba ya simu kama tarakimu za kawaida na kuondoa sifuri ya mbele, ikabaki inaanza na 7. Kwako wewe hiyo ni namba moja, lakini kwa programu nyingi hao ni wateja watatu, na kila mwanzo wa mwezi unamlipia mtu mmoja ujumbe mara tatu. Ongeza hapo kwamba wakulima wengi wana laini zaidi ya moja, na kwamba simu moja ya nyumbani huweza kutumiwa na mume, mke na kijana aliyetumwa dukani.

Chagua muundo mmoja wa namba, yaani 255 ikifuatiwa na tarakimu tisa, na kila anayeingiza aufuate. Faili likipitia Excel, geuza kwanza safu ya namba iwe maandishi kabla hujaanza kuijaza au kuipakia. Laini ya pili ya mteja iingie katika nafasi ya namba ya ziada ndani ya rekodi ile ile, isifunguliwe rekodi mpya. Programu nyingi zina sehemu ya kutafuta rekodi zinazojirudia na kuziunganisha, lakini itafanya kazi vizuri baada tu ya namba kuwekwa katika sura moja. Pamoja na hayo, sikushauri usafishe majina yote elfu nne. Utachoka njiani, na mengi hayastahili jasho lako, hasa yale yaliyookotwa kwenye maonyesho ya Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale, ambako mtu huandika namba yake ili apewe kalenda. Chukua wale tu ambao risiti na madaftari yanaonyesha walinunua katika msimu uliopita. Nadhani utapata mia kadhaa. Hao ndio wateja wako, na waliobaki wape lebo ya "hajathibitishwa", uwaache wapumzike bila kutumiwa chochote.

Dhana ya pili inayohitaji kunyooshwa ni kwamba ujumbe kwa watu wote ndiyo kazi ya programu. Ujumbe wako wa mwanzo wa mwezi unamfikia mkulima wa mpunga wa Igurusi, mwenye shamba la parachichi Tukuyu, mfugaji wa kuku wa mayai Ilomba, na mtu aliyewahi kununua bomba la kupulizia mara moja na hajaonekana tena. Wote wanakaribishwa dukani kupata bidhaa bora kwa bei nafuu. Mtu akipokea ujumbe usiomhusu mara tatu, wa nne hausomi hata kama unamhusu, na kumbuka kwamba simu yake tayari imejaa matangazo ya mitandao na ya michezo ya kubahatisha. Tena, ujumbe unaotoka kwa jina la duka badala ya namba haujibiki. Mteja anayetaka kuuliza bei akibonyeza kujibu hafiki popote, kwa hiyo kama hukuandika namba ya simu ndani ya ujumbe wenyewe, hao kumi wanaopiga wamejitahidi sana kukutafuta.

Kuna jambo dogo hapa linalokula fedha kimyakimya. Ujumbe mfupi mmoja hubeba herufi 160, mradi alama zote ziwe za kawaida. Ukiweka hata kikaragosi (emoji) kimoja, au alama moja isiyomo katika orodha hiyo ya kawaida, ujumbe mzima hubadilishwa mfumo wa uandishi na nafasi hushuka hadi herufi 70, na ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67. Sasa sisi tunaouza dawa za mifugo tunaandika "ng'ombe" kila siku. Ile alama ya ritifaa ikiwa ya wima, hakuna shida. Ikiwa ni ile iliyopinda, ambayo Word na baadhi ya simu huiweka zenyewe, ujumbe wako wa herufi 150 ambao ungelipiwa kama mmoja unalipiwa kama mitatu. Andika ujumbe moja kwa moja kwenye ukurasa wa kutumia, usiunakili kutoka Word, na angalia kile kihesabio cha ujumbe kabla ya kubonyeza tuma.

Nije sasa kwenye kiini. Programu ya kusimamia wateja hurudisha fedha yake kwa njia ya tarehe ya mbele, yaani kila mteja anayestahili kufuatiliwa awe na siku ambayo mtu fulani wa dukani, anayejulikana kwa jina, atamtafuta kwa sababu iliyoandikwa. Rekodi yenye jina na namba peke yake ni kitabu cha simu. Na wewe una bahati ambayo muuza nguo hana, kwa sababu mahitaji ya mteja wako yanajulikana kabla yeye mwenyewe hajafika dukani; mmea una ratiba, na mfugo una ratiba.

Chukua mahindi. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Mzee mmoja wa Inyala anakuja wiki ya kwanza ya Desemba na kununua mifuko mitano ya mbolea ya kupandia. Kwa kuwa wengi huhesabu mfuko mmoja wa kilo 50 kwa eka, tayari umejua ukubwa wa shamba lake bila kumhoji, na takwimu hiyo ni ya kuaminika kuliko jibu la mdomo, maana ukimuuliza mtu ana eka ngapi, mwingine ataongeza kwa ajili ya heshima na mwingine atapunguza kwa kudhani wewe ni mtu wa kodi. Muuzaji anapoandika risiti anauliza swali moja tu: "Unapanda lini, mzee?" Jibu hilo lina uzito kuliko tarehe ya kununua, kwa sababu wako wanaonunua Oktoba na kuweka ghalani, na wako wanaonunua asubuhi wakapanda mchana. Akisema anapanda kesho, tarehe ya mbele inawekwa wiki ya nne, kwa kuwa mbolea ya kukuzia huhitajika takriban wiki ya nne hadi ya sita, mahindi yanapofika magotini.

Mwanzoni mwa Januari jina la mzee linajitokeza katika orodha ya asubuhi ya muuzaji. Anapiga: "Shikamoo mzee. Ni mimi wa duka la Mwanjelwa. Yale mahindi yameshafika magotini? Nikuwekee mifuko yako mitano ya kukuzia, au mvua bado haijakaa sawa?" Mzee huenda akasema nusu ya shamba iliota vibaya, amerudishia mbegu, apigiwe baada ya wiki mbili. Muuzaji hajauza kitu, lakini amepata tarehe mpya, amejua kuwa mbegu ilisumbua, na mzee amejua kuna duka linalokumbuka shamba lake. Wiki mbili baadaye, mzee akiteremka mjini na fedha mfukoni, kuna uwezekano mkubwa kwamba atapitia kwako kabla ya kupita kwa jirani yako. Simu ya namna hiyo haichukui dakika mbili, na haifanani hata kidogo na ujumbe wa "karibu dukani kwetu".

Kwa viazi mviringo vya Isongole au Njombe mzunguko ni wa miezi mitatu hadi minne, na katikati yake kuna dawa za ukungu zinazorudiwa mara kwa mara mvua ikiwa nyingi. Mpunga wa Usangu una ratiba yake ya kitalu, kupandikiza na kukuzia, na watu wako wa Igurusi wanaijua kuliko mimi. Parachichi ni mti wa miaka, kwa hiyo mteja wake atafutwe kwa majira ya mwaka, hakuna haja ya kumhesabia wiki.

Hata hivyo, mahali ambapo ningekushauri uanze si kwenye mazao, ni kwenye kuku. Vifaranga vina ratiba ya chanjo, za kideri na Gumboro, inayohesabiwa kwa siku tangu kuanguliwa, na kuku wa nyama huuzwa baada ya wiki chache tu kisha mfugaji huingiza kundi jingine. Kwa mahindi utasubiri msimu mzima kujua kama utaratibu huu unalipa, lakini kwa wafugaji wa kuku wa Ilomba, Uyole na Mbalizi utajua ndani ya miezi miwili, tena hata katika kiangazi ambapo mashamba mengi yamelala. Waandike wafugaji wote wanaonunua chakula na chanjo kwako, weka tarehe ya kuingiza vifaranga, na acha programu ifanye hesabu ya siku.

Ukitaka kujua ukweli bila kujidanganya, usiwapigie wote. Gawa orodha ya wafugaji hao nusu kwa nusu bila kuchagua, nusu moja ipigiwe kwa tarehe zake na nusu nyingine iachwe kama zamani, kisha ulinganishe waliorudi. Hesabu ndogo kama hiyo haitakuwa kamili, maana wafugaji majirani huambiana, lakini itakuonyesha zaidi ya ripoti yenye rangi nyingi inayokuhesabia ujumbe "uliofika".

Taarifa za kujaza zisizidi anazoweza kuandika mtu mteja akiwa bado yuko mbele ya kaunta. Binafsi ningebaki na namba, jina analoitwa na watu wake, kijiji au mtaa, zao au mfugo mkuu, alichonunua mara ya mwisho na kiasi chake, na tarehe ya mbele pamoja na sababu yake. Nafasi nyingine zote, kama barua pepe, jina la kampuni, tarehe ya kuzaliwa na kile kipimo cha "uwezekano wa kufunga mauzo", zifiche. Programu nyingi humruhusu msimamizi kufanya hivyo bila malipo ya ziada. Kwenye kijiji na zao tumia orodha ya kuchagua, usiache nafasi ya kuandika kwa hiari, kwa sababu mmoja ataandika "Igurusi", mwingine "Iguruc" na wa tatu "Mbarali", na siku ukitaka orodha ya wakulima wa mpunga wa Igurusi utapata theluthi yao.

Nafasi moja ningeiongeza kwa wachache, nayo ni mali kauli. Kama unawakopesha wateja wa kudumu mpaka wavune, weka kiasi, tarehe ya ahadi na nani aliidhinisha. Ahadi ya "nikivuna" inasahaulika haraka kuliko zote, na mkulima mwenye nia njema hulipa kwanza yule aliyemkumbusha kwa heshima kabla mahindi hayajapandishwa kwenye fuso. Huenda deni moja lililorudi kwa wakati likalipa ada ya programu ya miezi kadhaa, jambo ambalo waliokuuzia hawakukutajia, kwa sababu wao wanatazama mauzo mapya peke yake.

Tuje kwa wauzaji wako. Yule aliyekuambia ni kupoteza muda usimkasirikie, kwa sababu kwa upande wake anasema kweli. Yeye ndiye anayeandika, na wewe ndiye unayesoma ripoti. Zaidi ya hapo, kama unawalipa kamisheni, namba zilizomo kwenye simu ya muuzaji ndiyo mali yake; akiziingiza zote kwenye mfumo anaona amekukabidhi wateja wake, na kesho unaweza kumbadilisha na kijana wa mshahara mdogo. Hofu hiyo haitajwi kwenye kikao, lakini ndiyo inayofanya taarifa ziingie nusu nusu. Kugomba hakutaiondoa. Weka kanuni iliyoandikwa kwamba mteja aliyeingizwa na muuzaji fulani anabaki chini ya jina lake, na mauzo yanayotokana na simu za kufuatilia yanahesabiwa kwake hata kama mteja amehudumiwa na mwenzake siku hiyo. Pili, hakikisha mfumo unampa yeye kitu kabla ya kukupa wewe: orodha fupi ya watu wa kupigia kila asubuhi, wasizidi wanane, yenye sababu ya kila simu. Muuzaji akiona wawili kati ya wanane wamekuja kununua, ataandika bila kusukumwa. Tatu, nunua simu moja ya duka na laini iliyosajiliwa kwa jina la biashara, ili mazungumzo na wateja yasiondoke siku mtu anapoacha kazi.

Hesabu ya fedha uifanye kwa faida, usiifanye kwa mauzo. Tuseme, kwa mfano tu, unalipa shilingi 40,000 kwa kila mtumiaji, jumla 200,000 kwa mwezi, na mfuko wa mbolea unakuachia shilingi 2,500 baada ya usafiri na upakuaji. Programu hiyo inapaswa kukuletea mifuko 80 ya ziada kila mwezi, ambayo isingenunuliwa kwako bila hiyo, ndipo ijilipe. Kwa mbolea peke yake, yenye bei elekezi na faida nyembamba, huo ni mlima. Kwa mbegu, viuatilifu, chanjo na chakula cha kuku hesabu inaweza kuwa nyepesi, na ndiyo sababu nyingine ya kuanzia kwa wafugaji. Weka namba zako halisi, kisha punguza gharama kabla ya kuiongeza. Je, watu wote watano wanapiga simu kwa wateja? Kama mtunza stoo na mhasibu wanaingia mara moja kwa wiki kutazama tu, huna haja ya kuwalipia nafasi ya mtumiaji. Usiwaambie tu watumie nywila moja kwa siri, kwani masharti ya huduma kwa kawaida hukataza, na hutajua nani amefuta nini.

Kuhusu kifurushi chenye akili mnemba, sina ugomvi na teknolojia hiyo, ila elewa inavyofanya kazi. Inatazama kumbukumbu za nyuma, yaani nani alinunua nini, lini, alipigiwa lini na alijibu nini, kisha inakisia nani anaelekea kununua. Kumbukumbu zako kwa sasa ni majina na namba. Hakuna cha kuisomesha, na utakuwa unalipa mara mbili kwa makisio yaliyotokana na nafasi tupu. Baada ya msimu mmoja kamili wa kuandika mauzo na simu kwa uaminifu, swali hilo litastahili kuulizwa upya, na hata wakati huo omba wakupe majaribio ya bure kwa kutumia taarifa zako mwenyewe.

Kuhamia programu nyingine kuna sababu zake halali: kama hii haiwezi kuweka tarehe ya kukumbusha kwa kila mteja, kama haifanyi kazi mtandao ukikatika na Igurusi unakatika, kama haikuruhusu kubadilisha majina ya nafasi yawe ya Kiswahili, au kama bei inapangwa kwa dola na inabadilika kila shilingi inapoyumba. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, kuhama kutahamisha matatizo yale yale. Lakini jambo moja lifanye wiki hii bila kusubiri uamuzi wowote: toa nakala ya wateja wote katika faili la CSV, yaani jedwali la kawaida linalofunguka hata kwenye Excel, uihifadhi mahali salama nje ya programu, na hakikisha akaunti kuu ya msimamizi imefunguliwa kwa barua pepe ya duka. Kama imefunguliwa kwa barua pepe ya kijana aliyekuuzia, wateja wako wako mikononi mwake.

Na daftari? Kwa tawi la Igurusi, lenye muuzaji mmoja anayewajua wateja wake kwa sura na kwa mashamba, daftari lenye safu ya tarehe ya mbele linaweza kutosha kabisa, kisha taarifa za siku zikatumwa Mwanjelwa jioni na kuingizwa. Udhaifu wa daftari ni pale watu wawili wanapolihitaji kwa wakati mmoja, linapolowa, au mwenye kuliandika anapoondoka. Kwa Mwanjelwa lenye wauzaji kadhaa, udhaifu huo unatosha kukubakiza kwenye programu.

Usipuuze upande wa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamhusu yeyote anayekusanya taarifa za watu, duka lako likiwemo, na inaitaka biashara yako ijisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mteja ana haki ya kujua kwa nini unachukua namba yake, na ana haki ya kukataa kutumiwa matangazo. Akisema "msinitumie tena", iwekwe alama kwenye rekodi na iheshimiwe. Pia kama wewe ni wakala wa mbolea ya ruzuku, ule mpango ulioanza msimu wa 2022/2023, usinakili taarifa za wakulima kutoka kwenye mfumo wa ruzuku kuziingiza kwenye programu yako. Wakulima walizitoa kwa kazi nyingine.

Yapo mambo ambayo hayafai kumalizwa kwa barua. Kama unataka programu isomane na mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, au na hesabu ya stoo, tafuta fundi aje akae dukani aone mnavyouza, kwa sababu kuunganisha vibaya huharibu kumbukumbu za pande zote mbili. Kama seva za programu ziko nje ya nchi, muulize mwanasheria masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya mipaka kabla ya kulipa ada ya mwaka mzima. Na kama mgogoro wa kamisheni umeshafika mahali wauzaji wanafichana wateja, kaeni chini na mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote kabla ya kuandika kanuni mpya. Kazi ya kusafisha majina haihitaji mtaalamu wa gharama kubwa: mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kutoka MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) au kampasi ya Chuo Kikuu Mzumbe hapo jijini anaweza kuifanya kwa wiki chache, mradi asaini ahadi ya kutunza siri na afanyie kazi kwenye kompyuta ya duka. Ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, nayo hutoa mafunzo ya biashara, na unaweza kuwauliza kuhusu utunzaji wa kumbukumbu. Popote utakapokwenda, beba ile nakala ya CSV, risiti za mwezi mmoja, mkataba wako na waliokuuzia, na majina ya wafugaji ishirini unaotaka kuanza nao.